Fainali ya Arusha Ambayo Ngamiani Haijaisahau

Zimo katika historia ya kandanda ya nchi yetu fainali nyingi ambazo mshindi wake hukumbukwa na mshindwa wake husahauliwa kabla jua halijachwa. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Arusha tarehe 2 Julai 2022 haikuwa ya namna hiyo. Kombe lilichukuliwa na Yanga ya Dar es Salaam. Lakini ipitie Ngamiani, katika barabara zile zilizopewa nambari badala ya majina, uitaje siku hiyo mbele ya wapenzi wa Coastal Union: watakusimulia kana kwamba kombe lilirudi nao.

Yafaa ifahamike kwanza ni nani aliyekabiliana na nani. Yanga, chini ya mwalimu Nasreddine Nabi kutoka Tunisia, ilikuwa imemaliza Ligi Kuu ya msimu huo bila kufungwa hata mchezo mmoja. Katika nusu fainali ilikuwa imewatoa watani wake Simba huko Mwanza kwa bao moja la Feisal Salum, kijana wa Unguja. Coastal Union, wanaoitwa Wagosi wa Kaya, walikuja na historia zaidi kuliko mali. Klabu hiyo ya mwaka 1948 ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu hapo taji la ligi halijaonekana tena Tanga. Mwalimu wake alikuwa Juma Mgunda, mwana wa Tanga aliyepata kuichezea klabu hiyo hiyo. Vijana wake walikuwa wameitoa Azam, klabu yenye utajiri usiofichika, kwa mikwaju ya penalti. Na mbele yao halikuwapo kombe tu: mshindi angepata haki ya kushiriki Kombe la Shirikisho la Afrika. Yanga ilikwisha kuwa na nafasi yake Afrika kwa kutwaa ligi. Kwa Coastal ule ulikuwa ndio mlango pekee.

Uwanja wenyewe unaitwa kwa jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi na Waziri wa Sheria katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu atokaye katika mji wa Shaaban Robert hawezi kuingia katika uwanja huo bila kulikumbuka hilo, ingawa sidhani kuwa mabeki wa Yanga walikuwa wakiwaza vina na mizani alasiri ile.

Walikuwa na jambo jingine la kuwaza, nalo ni Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu. Robo saa ya kwanza ilikuwa haijatimia alipoipatia Coastal bao la kuongoza, na bao hilo likadumu hadi mapumziko. Kipindi cha pili Feisal Salum akasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache Heritier Makambo, Mkongomani, akaiweka Yanga mbele, na aliyezoea mambo ya dunia akajua kuwa yamekwisha: mwenye nguvu amezinduka, mnyonge ashukuru kwa heshima aliyoipata. Sopu hakushukuru. Alifunga la pili dakika zikiwa za lala salama, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na humo akafunga la tatu.

Tuliangalie hilo kwa utulivu. Mchezaji mmoja wa timu ya mkoani alikuwa amefunga mabao matatu katika fainali ya taifa, dhidi ya timu ambayo ligi nzima ilishindwa kuifunga. Kwa dakika kadhaa za muda ule wa nyongeza kombe lilikuwa la Tanga. Kisha Denis Nkane, kijana aliyeingizwa na Yanga, akasawazisha. Tatu kwa tatu. Katika mikwaju ya penalti Yanga ikashinda 4 kwa 1, na juu ya penalti sina la kuongeza.

Ninalotaka viongozi walisikie ni lile lililofuata. Mwezi huo huo wa Julai Sopu alisajiliwa na Azam. Mwezi Septemba Mgunda alichukuliwa na Simba. Hakuna wa kumlaumu, kwani kila mfanyakazi ana haki ya kutafuta ujira bora, na miguu ya mchezaji haina miaka mingi. Lakini timu iliyoitikisa Yanga Julai, kufika Septemba ilikuwa imempoteza mfungaji wake na mwalimu wake, na wote wawili wamekwenda Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Visiwani wanaijua hali hii. Malindi ya Unguja ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, na leo kijana hodari wa Unguja au Pemba, kama alivyofanya Feisal, huvuka bahari kwenda Kariakoo kabla mji wake haujamfaidi.

Yasemwe pia kwa haki kwamba Coastal hawakulala. Msimu wa 2023/24 walimaliza wa nne katika ligi, wakaiona ile Afrika waliyoikosa Arusha. Bravos do Maquis ya Angola iliwafunga 3 kwa 0 kwao, mchezo wa marudiano ukaisha bila bao, safari ikakomea hatua ya kwanza. Kufika huko ni sifa. Kukaa huko kunahitaji fedha za kumfanya mchezaji aone faida ya kubaki Tanga, na fedha hizo hazitoki katika nderemo. Jiji, Mkoa, bandari na viwanda vya saruji vilivyopo hapa vina uwezo wa kuketi na klabu hii pamoja na watani wake African Sports, wakapanga mambo ya vijana na mishahara kwa maandishi, si kwa ahadi za jukwaani.

Tarehe 12 Juni 2023 fainali ya kombe hilo hilo ilikuja Mkwakwani, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Ngamiani. Yanga iliifunga Azam bao 1 kwa 0, mfungaji Kennedy Musonda wa Zambia. Watu wa Tanga walikata tiketi, wakaketi katika uwanja wao, wakawatazama wageni wawili kutoka Dar es Salaam wakigombea kombe.