Mashine ya Leza Lazima Ijizime

Karakana yetu ya kukata mabango ililetewa mashine ya leza isiyo na swichi ya kifuniko. Ukifunua, mwali uliendelea kukata. Mwali huu wa gesi ya kaboni dioksidi hauonekani kwa macho, lakini huchoma ngozi na uso wa jicho mara moja.

Mwenzetu aliinua kifuniko aokote kipande cha mbao, akaungua kidole. Siku hiyo tulikataa kuiwasha. Msimamizi alidai tunachelewesha kazi. Tukamjibu: kidole kinapona, jicho je?

Baada ya siku mbili alikubali. Fundi umeme alifunga swichi mbili za kifuniko na swichi ya maji yanayopoza bomba la leza. Zote ziliungwa katika njia moja ya waya, kama mnyororo. Moja ikiachia, mwali unazimika. Hata waya ukikatika, unazimika vilevile. Kando pakawekwa kitufe chekundu cha kukata umeme wa mashine nzima.

Sasa tunalindana wenyewe, maana wapo wanaobana swichi kwa utepe ili kazi iende mbio. Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, umekataza kuharibu kinga ya mashine, na umekataza pia kumlazimisha mfanyakazi atumie mashine isiyo na kinga yake.

Wenzetu wa viwandani na mashambani, kagueni mashine zenu kabla ya zamu. Isiyojizima, isiwashwe.