Kompyuta Kati ya Meza na Jiko

Tufikirie mkahawa uliojaa wateja saa ya chakula cha mchana. Jikoni amebaki samaki mmoja tu. Wahudumu wawili, kila mmoja katika meza yake, wanamwahidi mteja samaki huyohuyo. Mmoja wao hana budi kurudi kuomba radhi. Kosa hili halitokani na uvivu. Latokana na kila mhudumu kutegemea kumbukumbu yake mwenyewe.

Dawa yake ni kuwa na kumbukumbu moja inayotumiwa na wote. Mhudumu abonyezapo jina la chakula, kompyuta hupunguza idadi iliyobaki, hupeleka agizo jikoni, na huongeza bei katika hesabu ya mteja. Maagizo mawili yakifika karibu kwa wakati mmoja, hushughulikiwa moja baada ya jingine. Idadi ikifikia sifuri, chakula hicho huondolewa katika orodha zote.

Mwaka 1974 kampuni ya William Brobeck and Associates ya Marekani iliitengenezea mikahawa ya McDonald's mashine za fedha zilizoendeshwa na mikroprosesa ya Intel 8008. Mashine hizo ziliunganishwa na kompyuta mbili zilizoshirikiana. Moja ikiharibika, nyingine iliweza kuuhudumia mkahawa mzima.

Je, kumbukumbu yenyewe ikiingia kosa? Waundaji waliandika kila habari muhimu mara tatu, na namba nyingi zilihifadhiwa zikiwa vigawe vya 3. Kwa njia hiyo 40 huandikwa 120. Katika hesabu za kizio cha pili, tarakimu moja ikigeuka, namba huongezeka au hupungua kwa 1, 2, 4, 8 au kipeo kingine cha 2. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogawanyika kwa 3. Basi 120 ikigeuka kuwa 121 au 112, kosa hutambulikana papo hapo, na nakala iliyo sahihi hutumika. Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe kwa namba nyingine.

Mwaka 1986 Gene Mosher alionyesha mfumo wa ViewTouch, uliotumia kioo cha rangi kinachoguswa kwa kidole, juu ya kompyuta ya Atari 520ST. Njia ya kuagiza ilirahisishwa, lakini kanuni haikubadilika.

Hata hivyo, mpishi akiangusha sahani ya samaki wa mwisho asiiarifu kompyuta, vioo vyote vitaonyesha kwa pamoja jambo lisilo kweli. Kumbukumbu moja huwapatanisha watu. Ukweli wake wategemea wanaoiandika.