MLINZI WA MAJI YA VIFARANGA WA SAMAKI

Mkulima, ng'ombe wako akipata taabu usiku utamsikia akilia. Kicheche akiingia katika banda, kuku watapiga kelele. Lakini kifaranga wa samaki hana sauti. Hewa ikipungua majini yeye hufa kimya, nawe utajua asubuhi utakapowaona wanaelea. Fedha za miezi mingi zimepotea kwa usiku mmoja.

Tangu mwaka 1948 vituo vya Sagana na Kiganjo vimekuwa vikilea samaki: Sagana samaki wa maji ya vuguvugu, Kiganjo trauti wa maji baridi. Kila samaki ana maji yake. Tilapia jike huatamia mayai yake mdomoni, na maji yakiharibika yeye huhama nayo. Wewe ukiyatoa mayai hayo na kuyaweka katika chombo cha kutotolea, umeichukua kazi ya mama. Ni lazima uyajue maji kama yeye anavyoyajua.

Siku hizi kiko chombo cha kukusaidia, nacho huitwa kihisi. Ni kama kijiti chenye waya, hukaa majini mchana na usiku. Kimoja hupima joto, kingine hewa ya oksijeni, kingine ukali wa maji. Maji yakianza kuharibika, chombo kilichounganishwa na vihisi hivyo hukupelekea habari katika simu yako, au hupiga kengele.

Shika hesabu hizi kwa tilapia. Joto la maji liwe kati ya digrii 26 na 30. Oksijeni isipungue miligramu 5 katika kila lita; ikishuka hadi 3, hatari imefika. Katika bwawa la kulelea, saa mbaya kabisa ni kabla ya mapambazuko, kwa sababu mimea midogo ya majini nayo huvuta hewa usiku kucha. Ndani ya nyumba ya kutotolea, hatari kubwa ni pampu kusimama umeme unapokatika. Kwa hiyo kihisi kiwe na betri yake.

Kengele ikilia, fanya hivi:

1. Washa pampu ya hewa. Kama huna, chota maji na kuyamwaga kutoka juu mara nyingi.
2. Ingiza maji safi pole pole, yenye joto lile lile.
3. Usiwape chakula mpaka hewa irudi. Ondoa mabaki, maana yakioza hula hewa na kuleta sumu.

Kihisi nacho kinataka kutunzwa. Kikiota utelezi kitasema uongo. Kioshe kila juma kwa kitambaa laini, na ukipime upya kama kitabu chake kinavyoagiza.

Vyombo hivi si vya bei ndogo. Usikope fedha peke yako kwa ajili ya vifaranga wachache. Zungumzeni katika chama chenu cha ushirika, mjenge nyumba moja ya kutotolea, na mmwulize Afisa wa Samaki kabla ya kununua. Wakati huo huo anza na kipimajoto cha kawaida. Pima asubuhi na jioni, uandike katika daftari.

Lakini kumbuka, mkulima: kihisi hukuamsha tu. Kuinuka kitandani na kwenda bwawani ni kazi yako.