Spika Mpya Sebuleni: Sauti au Kelele?

Msimu wa mavuno ukipita, fedha huingia nyumbani. Huko Mbulu watu wameuza vitunguu saumu na maharage; huko Hanang wameuza ngano na mbaazi; wengine wamepeleka ng'ombe mnadani. Ndipo baba anaporudi jioni na wazo jipya: "Mama watoto, redio yetu inakoroma. Nataka tubadilishe spika."

Akisikia hivyo, mama wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hunyamaza na kununa, huku akihesabu moyoni sare za shule na mabati ya jiko yanayosubiri. Ama hugomba, na nyumba ikakosa amani kwa siku tatu. Yote mawili hayasaidii. Kutaka spika bora si upuuzi. Swali la kujiuliza ni moja tu: je, tunanunua sauti, au tunanunua kelele?

Sauti ina kazi nyumbani

Akina mama wenye umri mkubwa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio nyingi za wakati ule zilikuwa ndogo, zenye spika moja. Hazikutikisa kuta, lakini maneno yalisikika, na watu wakayafanyia kazi.

Haja hiyo haijaisha. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu wengi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Tangazo la hali ya hewa linapotolewa, mama aliye jikoni anatakiwa alisikie neno kwa neno. Ndivyo ilivyo pia kwa kipindi cha afya, au kwa matangazo ya Redio Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu.

Wasemaji wa Kiiraqw wana sababu nyingine. Lugha yao ina sauti ambazo Kiswahili hakina, kama zile zinazoandikwa "hh" na "sl". Ukirekodi slufay ya mzee wa ukoo ili wajukuu waisikie, halafu ukaipiga kwenye spika mbovu, sauti hizo ndizo hupotea kwanza. Kinachobaki ni mvumo tu.

Spika hufanyaje kazi?

Ndani ya spika kuna sumaku, koili ya waya mwembamba, na koni ya karatasi au plastiki. Umeme kutoka kwenye redio hupita katika koili, koili husukumwa na sumaku, na koni hutikisa hewa. Mhandisi Chester Rice na mwenzake Edward Kellogg walitengeneza spika ya namna hii huko Marekani mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi hufuata njia ileile.

Koni kubwa hutoa sauti nzito, yaani besi. Koni ndogo, ambayo mafundi huiita twita, hutoa sauti nyembamba. Herufi kama "s", "sh", "f" na "t" hutegemea sana sauti hizi nyembamba. Kwa hiyo spika yenye besi nyingi na twita dhaifu hutingisha vikombe kabatini, lakini hujui mtangazaji amesema "shamba" au "chamba".

Kabla ya kufungua pochi

Usikubali spika zilaumiwe kabla hazijachunguzwa. Mwiteni fundi, au angalieni wenyewe mambo haya:

1. Nyaya. Waya uliolegea au kuota kutu huleta mkwaruzo. Ukatwe ncha, uchunwe upya na kukazwa.

2. Chanya na hasi. Waya wa chanya wa redio uende kwenye chanya ya spika, na hasi kwenye hasi, kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, koni moja inakwenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi inapotea. Wengi wametupa spika nzima kwa kosa hili dogo.

3. Koni. Je, imechanika? Panya hawakuigusa? Mpasuko mdogo fundi anaweza kuuziba.

4. Mahali. Spika iliyosukumwa kwenye kona huvuma. Isogezeni mbali kidogo na ukuta, twita ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Sebule ya sakafu ya saruji isiyo na dari hutoa mwangwi. Mapazia mazito, zulia na makochi hupunguza mwangwi huo bila gharama mpya.

Baada ya hapo, sikilizeni tena. Huenda haja ya kununua imekwisha. Kama bado redio inakoroma, basi nendeni dukani mkiwa na sababu.

Mkiwa dukani

Msidanganywe na wati. Sabufa nyingi zimeandikwa maelfu ya wati pamoja na herufi PMPO. Namba hiyo haionyeshi nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa muda mrefu. Tafuteni namba yenye herufi RMS. Itakuwa ndogo zaidi, lakini ndiyo ya kuaminika.

Tazameni omu. Nyuma ya spika pameandikwa omu 4, 6 au 8. Kama amplifaya yenu imeandikwa kwamba isipewe chini ya omu 8, msiifungie spika za omu 4. Itavuta umeme mwingi, itapata moto, na inaweza kuungua.

Kwa wanaotumia sola, kuna jambo la ziada. Spika nzuri huandikwa inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Spika ya desibeli 90 kwa wati 1 husikika sawa na spika ya desibeli 84 inayopewa wati 4. Betri yenu itajua tofauti, na watoto wanaosomea taa ya sola usiku wataijua pia.

Ukubwa wa sanduku pekee usiwe kipimo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba sanduku dogo lililozibwa vizuri linaweza kutoa besi ya kina. Gongeni sanduku kwa vidole: likilia kama debe tupu, litalia hivyohivyo wimbo unapopigwa.

Mwisho, nendeni na kaseti au flashi yenye wimbo wa kwaya mnayoifahamu. Msimruhusu muuzaji awapigie wimbo wake tu. Sikilizeni kwa sauti ya kawaida: je, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zote zinasikika, au ya nne imezimeza nyingine? Halafu ombeni redio iwekwe kwenye taarifa ya habari. Spika inayofikisha vizuri maneno ya mtu anayezungumza imefaulu mtihani mkubwa.

Masikio ya watoto

Hapa mama asinyamaze kabisa. Mashirika ya afya kazini hushauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi wao, kila ikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya watu wazima. Mtoto apewe tahadhari zaidi. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Kama mtu aliye umbali wa mkono hakusikii mpaka upaze sauti, redio imezidi. Kitanda cha mtoto mchanga kisiwe karibu na spika, wala mtoto asiachwe akichezea mbele yake.

Kaeni wawili mpange

Basi baba watoto akileta wazo lake, usilikatae wala usilipokee kimya. Mwambie kwa heshima: "Baba watoto, hata mimi nataka sauti nzuri. Kwanza tumwite fundi. Ikibidi kununua, tutenge kwanza chakula cha mpaka mavuno yajayo na mahitaji ya shule, halafu twende dukani wote wawili, na mimi nisikilize."

Wewe ndiwe unayeshinda na redio hiyo kutwa nzima, ukipika, ukifua na ukinyonyesha. Masikio yako yana haki ya kutoa kura. Spika zilizochaguliwa na watu wawili hudumu, kwa sababu kila mmoja anajua bei yake, sababu yake, na mahali pa kuishia pale kitufe cha sauti kinapozungushwa.