Kamba Msafishaji Hasafishi Maji

Wauzaji wa samaki wa mapambo hupenda kumnadi kamba msafishaji kana kwamba ni mfagiaji: mtie katika tangi la maji ya bahari, naye ataondoa uchafu wote. Maelezo hayo yamegharimu maisha ya kamba wengi. Ni kweli kwamba huokota mabaki ya chakula, lakini kazi iliyompa jina ni nyingine: yeye husafisha samaki. Maji yenyewe hawezi kuyasafisha, na yakichafuka, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufa.

Kamba hawa ni wa kundi la wanyama wenye miguu kumi, pamoja na kaa na kamba kochi. Wawili wanajulikana zaidi na wafugaji. Wa kwanza, Lysmata amboinensis, ana mgongo mwekundu uliopitiwa na mstari mweupe. Wa pili, Stenopus hispidus, ana pingili nyekundu na nyeupe na magando marefu. Wote wawili wamo katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, na nchini Kenya huyo wa kwanza huvuliwa kwa ajili ya biashara ya ng'ambo.

Mwambani, kamba hukaa mahali pamoja, chini ya jabali au katika pango dogo, akipunga vipapasio vyake vyeupe. Samaki huja, hutulia, hufungua kinywa na kutanua matamvua. Hata chewa na mkunga, ambao chakula chao ni viumbe wa namna hii hii, humwacha kamba aingie kinywani na kutoka salama. Kamba hupata vimelea, ngozi iliyokufa na ute. Samaki hupata nafuu. Jambo la ajabu ni kwamba uchunguzi wa macho ya baadhi ya kamba wasafishaji, Lysmata amboinensis akiwamo, umeonyesha kuwa hawatofautishi rangi. Nguo yake nyekundu na nyeupe, basi, si kwa ajili ya macho ya wenzake; inaelekea ni tangazo kwa wateja.

Je, huduma hii ina uzito gani? Mwaka 1961 ilichapishwa makala ya Mmarekani Conrad Limbaugh, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alikuwa amewaondoa wasafishaji wote aliowaona katika miamba miwili midogo ya Bahama, na baada ya siku chache samaki wengi walihama, na waliobaki walionekana na vidonda. Wengine waliorudia jaribio la namna hiyo kwingineko, Hawaii kwa mfano, hawakuona mabadiliko hayo. Baadaye, katika kisiwa cha Lizard nchini Australia, baadhi ya miamba iliwekwa bila samaki msafishaji kwa zaidi ya miaka 8. Samaki wake wakawa wachache na wadogo kuliko wa miamba mingine. Kwa maoni yangu, hoja ya Limbaugh ilikuwa sahihi kwa jumla, ila alitarajia matokeo ya haraka mno.

Tangini masharti ya mapatano hayo hubadilika. Baharini chewa mwenye njaa huenda kwingine kuwinda. Nyumbani hana kwingine. Kwa hiyo chewa, kikande na bunju hawafai kuwekwa na kamba, hata kama wiki ya kwanza itapita kwa amani. Hatari huzidi wakati wa kujivua gamba. Kamba hakui mpaka avue gamba la zamani, na kwa muda baada ya hapo mwili wake ni laini, hana kinga. Hujificha, naye apewe mawe yenye mianya ya kutosha. Mwenye tangi huona gamba tupu mchangani akadhani kamba wake amekufa, kumbe yuko nyuma ya jiwe. Stenopus ana tabia yake: wawili wasiojuana, hasa wa jinsia moja, hupigana hadi mmoja afe. Afugwe mmoja, au jozi iliyokwisha zoeana.

Tuje kwenye kemia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria walioshika mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuongezeka, ndiyo maana tangi jipya lisitiwe kamba upesi. Mwanafunzi wa kemia atambue pia kwamba maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lenye sumu.

Mkazi wa Kunduchi au Kigamboni ana neema ambayo mfugaji wa London hana: bahari i mlangoni, wala hanunui chumvi ya kukoroga. Lakini maji yasichotwe karibu na mdomo wa mto Msimbazi, unaobeba taka za mji, wala mara baada ya mvua za masika, chumvi inapopungua. Yachotwe maji yakijaa, upande ulio wazi kwa bahari kuu. Tangi la lita 100 lina takriban kilo 3.5 za chumvi. Lita 10 zikikauka, chumvi hubaki yote, na kila lita sasa ina gramu 39 badala ya 35. Kwa hiyo kilichokauka hurudishwa kwa maji baridi yaliyoondolewa klorini, si kwa maji ya bahari. Umeme ukikatika jioni yenye joto, kumbuka kuwa maji ya bahari yenye nyuzi 28 hushika zaidi kidogo tu ya miligramu 6 za oksijeni kwa lita. Chota kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara.

Kosa baya kuliko yote ni dawa. Samaki wakitoka vidoa vyeupe, wengi hutia dawa ya shaba, ambayo msingi wake mara nyingi ni mrututu ule ule wa wakulima. Samaki hupona, kamba hufa. Shaba imo katika damu ya kamba kwa asili, ndani ya hemosianini inayobeba oksijeni, lakini ikizidi kidogo majini humdhuru. Tena hunata kwenye mawe ya chokaa na kuachiliwa polepole, hivyo tangi lililotiwa shaba hubaki la hatari. Mgonjwa atibiwe katika beseni la peke yake. Na kamba hawezi kuifanya kazi hiyo badala ya dawa, kwa kuwa kimelea cha vidoa vyeupe hujichimbia ndani ya ngozi. Dhidi ya minyoo bapa inayoshika juu ya ngozi anafaa zaidi: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, walionyesha kuwa Lysmata hula hata mayai yake.

Kila Lysmata aliyekomaa ni huntha, na wawili wowote waweza kuzaana. Lakini watoto wao huelea kwa miezi kadhaa kabla ya kukaa chini, na ni vigumu mno kuwalea. Hivyo wengi wanaouzwa wametoka mwambani, na anayekufa tangini hufuatwa na mwingine anayetolewa baharini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975. Humo kamba atazamwe kwa miwani ya kuzamia, asichukuliwe. Shule yenye tangi haina haja ya kuua kamba kwa ajili ya somo. Gamba lililovuliwa, likikaushwa kivulini, hubaki na miguu yote kumi, vipapasio, na hata utando uliofunika macho.