Meza ya Sebuleni Si ya Wageni Peke Yao

Nikiwa mwaka wa pili, bumu lilipoingia, nilifanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya au tunaota kulifanya: nilimnunulia mama kitu cha ndani. Nilichagua meza ya kioo ya sebuleni, miguu yake inang'aa kama bampa la gari jipya. Nyumbani ni Mpanda, Kawajense, na makochi yetu yalikuwa yamekaa miaka bila meza ya katikati. Mama aliifunika kitambaa cha kufuma, juu akaweka maua ya plastiki, akapiga picha na kuituma kwenye grupu la ukoo. Nikajiona mtoto niliyefaulu.

Mwaka huu nimerudi Mpanda kwa mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, na kitu kimoja kikawa kinanikera: kurasa zimepinda katikati, mistari inapanda na kushuka, karatasi nyingine zimetobolewa na kalamu. Nikamwita mwanafunzi mmoja.

"Kazi za nyumbani unaandikia wapi?"

"Mapajani, madam."

Jioni ile nikafika nyumbani na kumkuta mdogo wangu, yuko darasa la saba, amelala kifudifudi kwenye mkeka anafanya hesabu. Meza yangu ilikuwa hatua moja kutoka alipolala.

"Mbona huandikii mezani?"

"Mama kasema hiyo ya wageni, dada. Itapasuka."

Sikuwa na la kusema. Mimi nasomea ualimu, na pesa yangu ndiyo iliyomweka mtoto chini. Kwa hiyo makala hii inahusu meza ya sebuleni: namna ya kuichagua na kuipamba. Naiandika kwa ajili ya wenzangu ambao muda si mrefu watapanga nyumba zao za kwanza, na kwa wale wanaotaka kuwapelekea wazazi zawadi.

Kwanza hesabu kazi zake

Wazungu huiita meza ya kahawa. Kwetu kahawa hunywewa kijiweni, umekaa kwenye benchi, kikombe mkononi na kashata pembeni. Hiyo meza inayoitwa ya kahawa huenda isione kahawa mwaka mzima. Inachoona ni chai ya asubuhi, sinia la ugali na migebuka ya Ziwa Tanganyika, rimoti, dawa za bibi, fomu za mwenyekiti wa mtaa, na siku ya msiba, daftari la rambirambi. Nyumba nyingi hazina meza ya chakula wala ya kusomea, kwa hiyo hii moja inabeba yote.

Basi kabla ya kwenda dukani, kaa sebuleni jioni moja uangalie. Nani anakula wapi? Nani anaandika wapi? Kuna mtoto anayejifunza kutembea? Kama yupo, kioo kiache kabisa. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali kama kisu. Kioo kilichokaushwa kwa joto kiwandani huvunjika vipande vidogovidogo, na mara nyingi huwa na alama ndogo kwenye kona. Ukikosa alama hiyo, usichukue maneno ya muuzaji peke yake.

Vipimo

Mafundi wetu wanapima kwa futi na inchi, nami nitafuata hivyo hivyo. Urefu wa kwenda juu ulingane na pale unapokalia kwenye kochi, au upungue inchi moja au mbili. Kwa makochi mengi hiyo ni inchi 16 hadi 18. Ikizidi hapo, inaziba sebule. Ikipungua sana, mzee akitaka kuchukua kikombe anainama kama anachimba viazi.

Urefu wa kwenda pembeni uwe kama theluthi mbili za kochi refu. Kochi la futi 6, meza ya futi 4. Upana futi 2 unatosha sinia na daftari kwa pamoja. Kati ya kochi na meza acha inchi 14 hadi 18, magoti yapite bila mtu kutembea upande kama kaa.

Sasa mtoto. Mtoto akikaa vizuri, kiwiko chake kinakuwa sawa na uso wa meza, bega halipandi. Kwa meza ya inchi 18, kigoda cha inchi 10 hivi kinamfaa mtoto wa shule ya msingi, lakini mpime huyo wako. Halafu kuna kosa ambalo mimi mwenyewe ningelifanya: rafu ya chini. Rafu inapendeza na inatunza vitabu, lakini ikijaa chini yote, magoti ya mtoto hayana pa kuingia. Mwambie fundi aiweke nusu tu, nusu nyingine ibaki wazi. Na kona azizungushe kidogo.

Mbao

Katavi tuna bahati. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, umefunikwa kwa sehemu kubwa na misitu ya miombo, na humo ndimo unapoota mninga. Ukiukata mti wa mninga unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake haipindi ovyo, inapigika randa vizuri, na sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia inawashinda mchwa. Angalia neno hilo: ya ndani. Ile mbao nyeupe ya pembeni inabunguliwa kama mbao nyingine yoyote. Fundi mjanja huipaka rangi ya mninga ukadhani ni moyo wa mti. Dawa yake ni kugeuza meza na kuangalia chini, ambako hakuna aliyepaka.

Mkongo nao ni mzuri, mgumu na mzito zaidi. Paina inayotoka Mufindi ni nafuu zaidi, lakini ni laini: mtoto akikandamiza kalamu, hesabu zake zinabaki mezani. Ukichukua paina, weka karatasi ngumu au ubao mwembamba chini ya daftari, basi.

Mbao iwe imekauka. Meza iliyotengenezwa masika kwa mbao mbichi, kiangazi kikifika inasinyaa na kupasuka kwenye maungio. Ishike: mbao mbichi ni nzito kuliko unavyotarajia na ina ubaridi. Angalia pia miguu imechomekwa kwenye matundu na kutiwa gundi, siyo misumari mitupu. Ikalie. Kama inalia dukani, nyumbani itapiga kelele.

Jambo la mwisho kwenye mbao: muulize fundi zimetoka wapi. Mbao halali ya msitu wa asili inakuwa na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na inasafirishwa kwa kibali. Mninga unachukua miongo mingi kukua mpaka utoe mbao. Ukiununua, nunua meza moja ya kudumu mpaka wajukuu, siyo ya kubadilisha kila fasheni ikija.

Mimi na fundi, mimi na mama

Nilipata fundi wa pembeni ya barabara. Alianzia 180,000, tukavutana mpaka 140,000, mninga mtupu. Nilipomweleza habari ya magoti alicheka. "Mwalimu, hapa watu wananiambia rangi tu. Magoti hajawahi kuniambia mtu."

Mama alikuwa kazi nyingine. "Wageni watasemaje? Umeniletea kioo, sasa unaniletea dawati?" Nilimwelewa. Kwa mama, meza ile haikuwa meza. Ilikuwa ushahidi kwamba binti yake yuko chuo. Sikubishana. Nilimwambia kioo hakiondoki, kinahamia chumbani kwake, kikae na picha za familia. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akauliza mninga unasuguliwa kwa nini.

Kupamba

Hapa ndipo watu wanapodhani meza ya kazi haipendezi. Siri ni moja: kila pambo liweze kuondoka kwa mkono mmoja. Tafuta trei ya mbao au ya ukindu, weka humo maua, rimoti na bakuli la karanga. Saa kumi na mbili jioni trei inapanda juu ya kabati, mtoto anafungua daftari. Akimaliza, trei inarudi.

Kitambaa kiwe kimoja, kinachofulika. Vitatu juu ya mninga ni kuficha ulichokilipia. Maua yawe mafupi, wageni waonane usoni. Sufuria ya moto isikae juu ya vanishi, maana inaacha mduara mweupe. Vikeka vidogo vya ukindu vinamaliza tatizo hilo.

Umaliziaji wa juu una njia mbili. Vanishi inazuia maji vizuri, ila ikichubuka unamrudia fundi. Nta ya nyuki inataka kupakwa upya kila baada ya miezi kadhaa, ila mchubuko unautengeneza mwenyewe kwa msasa laini na kitambaa. Katavi, mkoa wa asali ya Inyonga, sisi tulichagua nta. Iyeyushe kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja, inashika moto. Paka kidogo, acha, sugua mpaka ing'ae.

Kwa mliopo magheto, msihangaike na meza ya futi 4. Stuli moja imara ya inchi 18 inapokea sahani, laputopu na kitabu, na ukimaliza chuo unahama nayo.

Wiki iliyopita alikuja jirani yetu, mama mmoja anayeheshimika sana mtaani. Mdogo wangu alikuwa kwenye kigoda, madaftari yametapakaa, na wino ulikuwa umeshamwagika doa moja pembeni ya meza. Nikasubiri mama amfukuze kama zamani.

"Karibu, shoga, kaa hapa," mama akamwambia mgeni. "Chai inakuja, mtoto amalizie hesabu kwanza. Septemba ana mtihani."