Nyama ya kiangazi: panga kabla mnyama hajaanguka

Kila mwaka, mvua ikianza kukatika mwisho wa Mei, kuna swali linatufikia. Maharagi yamevunwa, mashamba ya mlimani yanapumzika, saizoni C ya mabondeni haichukui mikono yote, na vijana wanakaa barabarani. Ni wakati wa ndoa pia, na ndoa bila nyama munajua wenyewe inavyosemwa. Basi mwaka huu vijana watatu wa ushirika hapa Mudaka walitungoja mkutano uishe, mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Muko naandika juu ya mihogo na kahawa tu. Mbona hamuandike juu ya kuwinda? Namna ya kujipanga, na namna nyama isioze njiani?"

Mama mmoja aliyekuwa anakunja mkeka wake akajibu mbele yetu: "Mwanangu, kaka yako alienda kuwinda. Iko wapi hiyo nyama?" Kijana akanyamaza. Kaka yake alikamatwa na nyaya za mitego mkononi, na familia iliuza mbuzi wawili ili kumtoa. Mbuzi wawili! Nyama ilikuwepo nyumbani tangu mwanzo.

Tuliona swali ni la haki, hata kama jibu letu halitafuata njia waliyotaka. Kwa upande wa pori tuseme wazi kwa ufupi. Ukitoka Mudaka ukafika Miti, ukakata kushoto kupanda Tshivanga, unaingia eneo la Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ndani yake kuwinda kumekatazwa kabisa, awe sokwe, awe paa mdogo, awe panya wa msitu. Nje ya hifadhi pia hakuna uhuru wa kila mtu na mkuki wake: sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, na sheria ya 2014 juu ya kulinda asili imeongeza uzito. Waya wa mtego nao hauchagui. Umewekwa kwa ajili ya paa, unakata mkono wa mtoto wa gorila. Hapo Lwiro, tangu 2002, wanalea sokwe-mtu yatima ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama.

Tunajua pia kwamba kuna wanaosoma hapa wakiwa na uchungu. Batwa walitolewa msituni miaka ya 1970 bila kupewa mashamba ya kuishi, na kwao neno "hifadhi" halina utamu. Hilo hatulifuniki. Lakini hata mzee wa Kitwa tuliyeongea naye hakutuambia turudi na mitego. Alituambia kitu kingine, na ndicho kilichotufanya tuandike ukurasa huu.

Alisema zamani, kabla watu hawajatoka na mbwa na nyavu, walikaa kwanza chini. Nani anashika wavu, nani anafukuza, nani anabeba. Mwenye mbwa anapata kipande gani. Aliyechoma mkuki wa kwanza anapata nini, na mjane wa jirani je. Kisu kilikuwa tayari, majani ya kufunika yalijulikana, na moto wa kukaushia uliachiwa mtu mmoja asiyelala. "Nyama," alisema, "ilikuwa imeshagawanywa wakati mnyama angali anakula majani." Sisi wa leo tunafanya kinyume. Tunachinja kwanza, halafu tunaanza kutafuta kisu, chumvi, mizani na mnunuzi, na inzi wanatutangulia.

Basi tuchukue akili ya mwindaji tuilete lupangoni.

Jambo la kwanza ni tarehe. Wengi wetu tunamshikilia mbuzi au nguruwe mpaka Agosti, kwa sababu ndoa ziko Agosti. Lakini angalieni majani. Kuanzia katikati ya Juni nyasi zinakauka, majani ya viazi vitamu yanapungua, na mnyama aliyenona kwa mvua anaanza kula mafuta yake mwenyewe. Unamlisha miezi miwili ili apungue. Kama hakuna lishe uliyoweka, chinja au uza mwezi wa sita, na nyama ya Agosti iwe ile uliyokausha au mnyama mmoja tu uliyemwekea chakula. Baridi ya asubuhi ya kiangazi inasaidia pia. Ziwa letu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Mudaka iko juu yake. Saa kumi na moja alfajiri nyama inapoa vizuri hapa kuliko sehemu nyingi.

Ukihesabu kurudi nyuma, kazi inaanza Septemba. Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa ziwa, akiwa na miezi miwili, akinunuliwa mvua inapoanza, anakula majani ya viazi, maganda na mabaki ya mtama wa kasiksi msimu wote wa mvua. Juni anafikia miezi kumi na moja hivi. Kwa chakula cha kijiji anaweza kuwa na kilo 60, zaidi kidogo kama mama wa nyumba ni mwenye bidii. Katika kilo 60 mutapata karibu kilo 42 za nyama na mifupa. Mbuzi anatoa kidogo: karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo mbuzi wa kilo 25 ni kilo 12 tu. Ni vizuri kujua hizi hesabu kabla ya kuahidi watu wa harusi.

Unaponunua nguruwe, vuta ulimi wake, pitisha kidole chini yake. Ukiona au ukigusa vijipele kama punje za mchele, achana naye, hata kama bei ni nzuri. Hivyo ni vifuko vya tegu. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva, tegu anakaa tumboni mwake, na mayai yanayotoka kwenye choo chake yanaweza kuingia kwa watoto na kufika mpaka kichwani. Kifafa kingine tunachosema ni uchawi kinatoka hapo. Nguruwe anapata kwa kula mavi ya watu. Dawa yake ni choo chenye mlango na nguruwe aliyefungwa zizini. Hakuna dawa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Tauni ya nguruwe ya Afrika, ile watu wanaita pesti, ni shida nyingine. Haimpati mtu, lakini inamaliza zizi kwa siku chache, na haina tiba. Mara nyingi inaingia na mabaki ya nyama ya nguruwe kutoka jikoni au sokoni, na viatu vya mchuuzi anayezunguka zizi hadi zizi. Basi mabaki yachemshwe sana au yasipewe kabisa. Na jirani akianza kuchinja nguruwe watatu kwa haraka kwa bei ya chini, usikimbilie. Jiulize kwa nini.

Sasa siku yenyewe. Wiki moja kabla, muongee na veterineri, amwone mnyama akiwa hai na arudi kuona nyama. Kodi ya kuchinja iulizwe hapo hapo, na risiti ichukuliwe. Kama mnyama alichomwa sindano ya dawa, musome siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa; zile oksitetrasiklini za kudumu mara nyingi zinadai karibu wiki nne. Jioni ya mwisho mnyama asipewe chakula, apewe maji tu. Asikimbizwe. Mnyama aliyefukuzwa na watoto lupango nzima anatoa nyama nyeusi, inayoshika mkono na kuoza upesi. Hapo tofauti na pori inaonekana: mwindaji hana namna, mnyama wake amekimbia, wewe unayo.

Usiku huo maji yachemshwe, angalau bidoni mbili za kunawa na kuoshea, mbali na yale ya kunyoa manyoya. Visu viwili vinolewe: kimoja cha ngozi na matumbo, kingine cha nyama. Damu itoke yote, mnyama akiwa ananing'inia. Kwa nguruwe, maji ya kunyoa yasiwe yanatokota; ukiweza kuchovya kidole mara mbili haraka na ya tatu ikashindikana, yanatosha. Yakitokota, manyoya yanashika zaidi. Tumbo lifunguliwe polepole, vidole viwili vikitangulia ncha ya kisu, maana utumbo ukitobolewa kazi yote inachafuka. Pakichafuka, pakatwe patupwe. Kuosha kunasambaza tu uchafu. Nyama itundikwe kivulini, vipande visigusane, mpaka ipoe kabisa.

Hapo ndipo sisi wenyewe tulishindwa. Mwaka juzi tulisaidia kikundi kimoja kupeleka kilo 18 Bukavu. Mnunuzi alikuwa anangoja, pikipiki ilikuwa imewashwa, na nyama ilikuwa bado na joto la mnyama. Tukaifunga kwenye mifuko ya plastiki. Njiani kulikuwa na vizuizi, jua likapanda, na tulipofungua, ilikuwa imegeuka rangi na kutoa jasho. Mnunuzi hakugombana, alifunga tu mkono wa mfuko na kutuomba samahani. Kilo 18 za mama kumi na wawili. Tangu siku hiyo tunasema: nyama iliyo na joto haifungwi, haipangwi juu ya nyingine, na haiingii plastiki. Ingie ndoo safi yenye kifuniko, na kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi juu yake. Iondoke kabla ya saa moja asubuhi, au isiondoke.

Mnyama ambaye amekufa mwenyewe ni habari tofauti kabisa. Awe wa lupangoni, awe wa porini aliyeokotwa, hafunguliwi wala haliwi. Akitoka damu puani isiyoganda, inaweza kuwa kimeta. Muite veterineri, mufukie kwa kina cha mita mbili, na mbwa wasifike. Tunajua inauma kufukia mbuzi mzima. Inauma zaidi kufukia aliyemla.

Sasa mgao. Kikundi cha familia kumi, wanaochangiana kama likelemba, wanaweza kupanga hivi kwa nguruwe wa kilo 42 za nyama: kilo 2 kwa kila familia, 20 zimeondoka, kilo 12 zinauzwa mbichi soko la Mudaka asubuhi ile ile, na pesa inanunua watoto wa nguruwe wa Septemba, kilo 10 zinakaushwa. Maini, moyo na matumbo yaliwe siku hiyo na waliofanya kazi, kwani ndiyo yanayoharibika kwanza. Haya yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi siku moja kabla, na majina. Tumeona kikundi kizuri kikivunjika kwa sababu ya kichwa cha nguruwe.

Zile kilo 10 za kukausha zikatwe ukanda wa unene wa kidole, kufuata nyuzi za nyama, mafuta yatolewe kwa kuwa yanachacha. Chumvi kilo moja kwa kilo tano au sita za nyama, zilale usiku mmoja kwenye beseni lililoinama ili maji yatoke. Kesho yake moto mdogo, moshi mwingi, nyama ikiwa mbali na mwali, siku nzima na zaidi, na mtu wa kukesha kama wa yule mzee. Kuni za mpera au kahawa iliyokatwa ni nzuri. Sipure na miti mingine ya utomvu inaacha ladha ya dawa, na mbao zilizopakwa rangi ni sumu. Kilo 10 zitashuka mpaka 3 au 4. Usiogope, ni maji yaliyoondoka. Kunja kipande: kikipasuka nje bila kutoa maji, kiko tayari. Kitundikwe kwenye kikapu juu ya jiko, na kikija kupikwa kilowekwe usiku kucha na maji yamwagwe. Na nguruwe, hata aliyekaushwa, apikwe mpaka ndani.

Mama yule wa mkeka alituuliza juu ya wasio na nguvu ya kununua nguruwe. Kwake jibu lilikuwa tayari chini ya kitanda. Vita vya tangu 1996 vilipomaliza ng'ombe Kabare, watu wengi walibaki na dende, wale kobayi, kwa sababu mtu anaweza kukimbia nao ndani ya kikapu. Jike anabeba mimba ya siku karibu 68 na kuzaa wawili au watatu. Mmoja anatosha sufuria ya watoto wa nyumba moja, na analiwa chote siku ile ile, bila chumvi wala mizani wala pikipiki. Mwenye majike kumi na dume mmoja, akiwatenga vizuri na kubadilisha dume na jirani ili damu isijirudie, anakula nyama kila wiki.

Vijana watatu tumewapa kazi ya kuandaa zizi la kikundi kabla ya mvua. Mmoja ameshauliza kama zile nyaya za kaka yake zinaweza kufungia mlango. Zinafaa.